Mtani Gani Huyu Aliyefunga Picha ya Mzee

Mliniacha wiki iliyopita nimepiga magoti mbele ya printa, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, natafuta uso wa baba mkwe wangu. Kwa nyie mnaoanza kunisoma leo, karibuni. Hamjachelewa, aibu bado ipo ya kutosha.

Mimi ni Makarius, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kawajense, Mpanda mjini. Mke wangu ni Specioza. Baba yake alifariki mwaka jana, na Jumamosi hii tunasoma misa ya mwaka na kuweka msalaba kwenye kaburi lake kule Magamba. Picha ya mzee inatakiwa itangulie mbele ya watu, kubwa, ndani ya fremu.

Tatizo ni kwamba mzee hakupenda picha. Aliacha moja tu duniani, aliyopigwa ujanani, amevaa koti na ameshika baiskeli. Ile ya kwenye kitambulisho ilishafutwa na jasho la mfuko wa shati, yakabaki masharubu.

Tulipokutana kupanga misa, mama mkwe alinikabidhi picha hiyo kwa mikono miwili. Specioza akaniambia, "Baba Denis, ipeleke steshenari. Wanaikuza sasa hivi, unarudi nayo."

Mimi nikajibu nini? "Steshenari ya nini, wakati ndani kuna kompyuta na printa?" Nilisema hivyo mbele ya mashemeji wote, na kifua nikakitoa.

Nikaiskani vizuri, ikaingia kwenye kompyuta. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini printa ilipomtoa mzee akiwa na rangi ya kijani, nikaona labda haijamwona sawasawa. Nikachukua picha yenyewe, ile ya karatasi, nikaiweka kwenye trei ya juu ili printa imwangalie kwa karibu.

Printa ikamvuta. Ikamtafuna kuanzia kichwani. Nilichookoa ni nusu ya baiskeli na kiatu kimoja.

Specioza hajui. Mama mkwe hajui. Mpaka hapo mliojua ni nyie tu na mimi, na nyie nawaamini kwa sababu hamjui nyumba yangu.

Haya, sasa sikilizeni nilichofanya baada ya hapo, halafu mniambie kama mimi ni mtu wa kuachwa peke yangu na umeme.

Mzee bado alikuwa mzima ndani ya kompyuta, maana nilishamskani. Nikamnakili pia kwenye flashi, nikaificha dukani nyuma ya makopo ya dawa ya kupe. Mwenye akili angeichukua flashi hiyo aende steshenari kimyakimya. Lakini steshenari ya hapa mtaani ni ya Athanasie, na Athanasie yuko jumuiya moja na mke wangu. Ningekuwa sijafika nyumbani, habari imeshaketi sebuleni inakunywa chai.

Za mjini je? Msiniulize. Nilishajitapa, na mtu aliyejitapa haoni njia ya mjini.

Nikasema printa nitaiponya mwenyewe. Jumatano asubuhi nikaingia mtandaoni, nikaandika, "printa imekwama, imekula picha." Ukanijia ukurasa mmoja mzuri, una kitufe cha kijani kinachocheza. "Kompyuta yako inaumwa sana. Bonyeza hapa upate tiba bure."

Bure! Mimi na neno bure tumenyonya ziwa moja. Nikabonyeza.

Programu ikaanza kushuka. Ikafika mahali ikasimama, ikaniambia kwa adabu kwamba ili iendelee, nizime kwanza ulinzi wa kompyuta. Nikauzima. Fikirini hapo: mwizi anakuambia mfungie mbwa wako ndani, na wewe unaitika, "Sawa mkuu, na mnyororo niuweke wapi?"

Mwanangu Denis alipoenda chuo Dodoma aliniachia kompyuta hii na usia mmoja tu: "Baba, ikikuambia apdeti, kubali." Mimi nikaona apdeti zinanimalizia bando. Kila ikiniuliza nilibonyeza "nikumbushe kesho." Kesho hiyo ilikuwa imepitisha mavuno mawili.

Basi, programu ya bure ikaingia. Printa haikupona. Nikafunga kompyuta kwa hasira, nikaenda dukani.

Alhamisi asubuhi nawasha, kioo chote chekundu. Kuna kufuli limechorwa katikati, na maneno ya Kizungu chungu nzima. Pembeni kuna mahali pa kuchagua lugha. Nikateremka, nikateremka, nikakuta Kiswahili. Nikakichagua. Ikasomeka hivi:

"Salamu mpendwa rafiki! Mafaili yako yote yamelala chini ya kufuli letu. Usilie. Lipa na ufunguo utakuja. Ukichelewa mafaili yatakufa. Kwa maswali, andika hapa chini."

Mtu mwingine hapo angepiga yowe. Mimi nilicheka. Nilicheka hadi nikashika meza.

Kwa sababu nilishamjua aliyefanya. Nkwabi!

Nkwabi ni mtani wangu. Yeye Mnyamwezi, mimi Mfipa, na mke wangu Mfipa mwenzangu. Analima Magamba, alikuwa jirani wa baba mkwe tangu zamani. Utani wake si wa maneno tu. Siku ya mazishi ya mzee, kaburi lilipokuwa tayari, Nkwabi aliruka akalala ndani, akafumba macho, akasema, "Mfipa hashuki humu mpaka nipate beberu! Mmezoea kurusha radi, leo rusheni beberu!" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku kamasi zinatoka. Tukamtukana, tukamtolea beberu, akatoka, mzee akazikwa.

Ndivyo ilivyo. Mtani akikamata kitu chako msibani hukasiriki. Unamtukana vizuri, unamlipa, anakirudisha palepale. Msiba unapungua uzito.

Sasa unganisheni mambo wenyewe. Jumatano mchana Nkwabi alipita kwangu, akanikosa, akakaa kwenye kiti kilekile cha kompyuta anachaji simu. Alipoondoka alimwambia Specioza, "Mwambie huyo Mfipa, misa hii atanitambua." Halafu kesho yake kompyuta imefungwa, na aliyeifunga anajua Kiswahili. Tena Kiswahili cha kuvunjika mbavu! Mwizi gani wa ng'ambo atahangaika na Kiswahili? Nikasema, Nkwabi, leo umekutana na mwenzako.

Nikavuta kiti. Nikaandika: "Wewe Mnyamwezi mbeba mizigo, nani kakufundisha kuwasha kompyuta?"

Nikasubiri. Jibu likaja.

"Habari rafiki. Hatubebi mizigo. Tumefunga mafaili. Tafadhali lipa kwa sarafu ya mtandaoni."

"Sarafu unaijua wewe? Nitakupa jogoo mmoja mwekundu, uondoke."

"Jogoo ni sarafu gani? Hatuioni sokoni."

Nilipiga meza kwa kicheko. Specioza akauliza kutoka jikoni, "Baba Denis, unacheka na nani?" Nikamwambia, "Na mtani." Akasema haya, na yeye akacheka, maskini, hajui anachocheka.

Nikaendelea: "Kama hutaki jogoo nitakutumia radi ya mchana, ikuchambue wewe peke yako katikati ya watu."

"Hatujui Radi. Hiyo ni kampuni ya ulinzi?"

Jamani! Nilimvulia kofia Nkwabi. Nikasema huyu mtu amekaza uso kweli, hata kwa maandishi hacheki. Nikaona sasa nimmalize. Nikaandika: "Umenoa, Mnyamwezi. Mzee ninaye kwenye flashi. Subiri nikuonyeshe."

Duka langu liko mbele ya nyumba, hatua chache tu. Nikakimbia, nikaitoa flashi nyuma ya dawa ya kupe, nikarudi nayo nimeishika juu juu. Nikaichomeka.

Taa yake ikawaka. Nikaifungua. Jina la picha ya mzee likawa pale, nikaliona kwa macho yangu. Kisha likabadilika mbele yangu, likapata mkia wa herufi nisizozijua na kakufuli kadogo pembeni. Nikabonyeza. Haifunguki. Nikabonyeza tena. Haifunguki.

"Asante rafiki," kioo kikaandika. "Tumeona flashi. Nayo imefungwa."

Hapo kicheko kilipungua. Hakikuisha, kilipungua. Kichwani mwangu bado alikuwa Nkwabi, ila nikaanza kuona amezidisha. Hata utani una mpaka wake. Nikaamua kumwambia ukweli, mtu kwa mtu, na mtani ukimwambia shida ya kweli huwa anaelewa.

Nikaandika: "Nkwabi, basi sasa, yaishe. Kesho mama mkwe anakuja. Picha hiyo ndiyo iliyobaki peke yake duniani. Ile ya karatasi imeliwa na printa na Specioza hajui. Ikipotea mimi kwa wakwe zangu nimekwisha. Nakuomba."

Jibu likaja:

"Pole sana rafiki. Faili la picha hiyo linaitwaje?"

Nikaona haya, ameanza kulainika. Nikamtajia. Herufi kwa herufi, nisije nikakosea nikamsumbua mtu wa watu.

"Asante kwa ushirikiano wako. Faili hilo tumeliweka pembeni peke yake. Bei yake sasa imebadilika."

Ikaja bei. Siitaji. Niseme tu kwamba kuifikia ingebidi niuze duka, nyumba, na mimi mwenyewe nikiwa ndani.

Na palepale, mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi kwa wachawi!"

Sauti naijua. Nikageuka. Nkwabi yuko mlangoni, mzima, buti zina tope la Magamba, begani kiroba cha mahindi mabichi. Mikono yote miwili imeshika kiroba. Hana simu, hana kompyuta, hana chochote.

Nikamwangalia Nkwabi. Nikakiangalia kioo. Kioo kikaandika chenyewe, "Rafiki, bado upo?"

Damu yote ilinishuka miguuni.

"Mfipa," Nkwabi akasema, "mbona umekuwa na rangi ya ugali wa muhogo?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka kiroba chini, akasogea, akasoma yote kutoka juu. Alipofika kwenye mbeba mizigo alicheka. Alipofika kwenye jogoo alikaa chini kabisa akashika tumbo. Kwenye radi akafuta machozi. Halafu akafika kwenye picha, akaacha kucheka.

"Makarius," akasema.

Tangu nimjue hajawahi kuniita jina langu. Ni Mfipa, ni mchawi, ni mrusha radi. Aliposema Makarius, ndipo nilipoogopa.

"Huyu si mimi."

"Najua. Sasa najua."

"Ulikuwa unamtania mwizi."

"Ndiyo."

"Ukamwambia kitu unachokipenda kuliko vyote, na jina lake ukamtajia."

"Nkwabi, usinisomee mashtaka, nisaidie!"

"Mimi nalima tumbaku," akasema. "Nitakusaidiaje?" Akafikiri. "Redio yangu ikisumbua huwa naizima nawasha."

Kwa hali niliyokuwa nayo, huo ulikuwa ushauri wa profesa. Nikaizima, nikaiwasha. Na mnajua nini kilitokea? Ile apdeti niliyoikataa mavuno mawili ikaona sasa ndiyo saa yake. "Tafadhali subiri. Usizime kompyuta." Tukasubiri. Kaduara kanazunguka, sisi tunakaangalia, Nkwabi amevua kofia kana kwamba tuko kanisani. Nilisali, siwafichi. Niliahidi mambo ambayo padre akiyasikia atanidai.

Ikamaliza. Ikaandika kwa furaha, "Hongera! Kompyuta yako sasa iko salama."

Na nyuma ya hongera hiyo, kioo chekundu kikarudi na kufuli lake.

Nkwabi akavaa kofia. Nje bajaji ikasimama. Nikasikia Specioza anapiga vigelegele uani, anakimbia, "Mama! Mama umefika leo? Si ulisema kesho?"

Mama mkwe, Mama Emerensiana. Ametoka Majimoto, anakoishi na shemeji yangu tangu mzee afariki. Nyie mnaojua ukwe mnanielewa. Mimi na mama huyu hatujawahi kutazamana machoni. Nikimsalimia naangalia chini, naye anaitikia akiangalia ukuta. Sijawahi kumkosea hata neno moja, na sasa nilikuwa nimeilisha mashine mume wake.

"Nitamwambiaje?" nikamuuliza Nkwabi. "Nkwabi, nitamwambiaje mama?"

Nkwabi akanitoa sebuleni, akafunga pazia la mlango wa chumba cha kompyuta. "Wewe kaa kimya. Niachie mimi. Mtani anaweza kubeba aibu ambayo mkwe haiwezi."

"Utasema nini?"

"Nitasema nimemkamata. Nitadai kitu ambacho hawezi kunipa. Tutabishana mpaka misa iishe, watu wacheke, na wewe utakuwa umepata siku mbili za kumtafuta mtu anayejua haya madude yenu."

Niliona mbingu zimefunguka. Nilitaka kumkumbatia, akanisukuma. "Nisikumbatiwe na mchawi mimi."

Mama akaingia. Nikainamisha kichwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Za hapa?"

"Nzuri mama. Pole na safari."

Specioza akamletea kiti na maji. Akanywa kidogo, akaweka kikombe chini, akavuta mfuko wake karibu na miguu. Alikuwa amekonda. Sikutaka kuona hilo lakini niliona.

"Baba," akaniambia, akiangalia ukuta, "nimekuja mapema kwa makusudi. Kesho watu watajaa. Nilitaka nimwone mzee wangu kabla hawajaja."

Nkwabi akakohoa.

"Mama, humwoni."

"Kwa nini simwoni?"

"Nimemkamata mimi. Nyie Wafipa mlidhani beberu mmoja anatosha? Beberu mwenyewe alikuwa mzee kuliko marehemu! Picha ninayo, na haitoki."

Mama akacheka. Nasema kweli, akacheka, kidogo, mkono mdomoni. Specioza akanitazama kwa furaha, maana mama yake hakuwa amecheka mwaka mzima. Na mimi pia nikacheka, mnafiki mkubwa, nikapiga na kofi.

"Mnyamwezi mwizi wewe," mama akasema. "Ulianza na kaburi, sasa umefikia picha. Unataka nini?"

Nkwabi akajinyoosha. Akakunja mikono. Akafikiri kitu ambacho mama huyu hawezi kukitoa hata kwa kushikiwa panga, na watu wote wa Magamba wanakijua.

"Nataka redio ya mzee."

Sebule ikapoa.

"Nkwabi!" Specioza akasema. "Hapo umevuka. Redio hiyo mama analala nayo. Omba kuku, omba mbuzi, omba kitu cha kuombwa."

"Sitaki mbuzi. Redio."

Alinikonyeza kwa pembeni. Mchezo ulikuwa umekwenda sawasawa. Sasa mama angekataa, Nkwabi angeng'ang'ania, na mimi ningepona. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwache, Specioza," mama akasema. "Mtani ana haki yake."

Akainama. Akafungua mfuko. Akatoa kanga iliyokunjwa, akaikunjua polepole juu ya mapaja yake. Ndani kulikuwa na redio ya mzee, mfuniko wa betri umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Asubuhi naiwasha kwa taarifa ya habari," akasema, "halafu natoka uani na chai, najifanya simsikii mzee anavyogombana na watangazaji, kama zamani." Akaifuta kwa kiganja. Akamnyooshea Nkwabi. "Chukua."

Nkwabi hakunyoosha mkono.

"Chukua, Nkwabi. Si umeitaka?"

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Nimeanza kumsahau," mama akasema. Alisema taratibu, hakulia. "Koti nalikumbuka. Sauti naikumbuka. Lakini nikitaka kuyaona macho yake, siyapati. Nalala nayatafuta. Nikasema ngoja niwahi Mpanda, nimwone, yatarudi. Sasa chukua redio, unipe uso wake."

Nkwabi akaipokea. Alikuwa hana njia nyingine. Akaishika kwa mikono miwili, huyu mtu aliyelala kaburini anadai beberu. Mtani akishalipwa mambo yameisha: anarudisha kitu palepale, mbele ya watu. Hajawahi kusikika mtani aliyelipwa asirudishe.

Akanigeukia. Mama naye akageuka. Na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanae, mama mkwe wangu aliniangalia usoni.

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo niseme yote, printa, mwizi, kila kitu. Lakini Specioza alishasimama, anajifuta machozi kwa upande wa kanga.

"Nyie nanyi na utani wenu," akasema. "Picha si iko kwenye kompyuta? Baba Denis alisema alimskani. Ngoja nikuwashie mama, umwone kwenye kioo wakati huyu anatafuta alipoificha."

"Specioza, ngoja!"

"Ningoje nini?"

Akavuta pazia, akaingia. Nkwabi akafumba macho. Mimi nikasikia kiti kinavutwa kidogo.

"Baba Denis." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Njoo hapa. Kuna mtu anakuandikia."

Sikwenda.

"Anasema hivi: 'Rafiki, mama mkwe ameshafika? Picha ya mzee bado tunayo.'" Akaita tena. "Baba Denis, huyu ni nani? Amejuaje kama mama anakuja?"

Mama akasimama. Akajishikiza kwenye kiti, akatembea mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya binti yake, akakitazama kioo chekundu na kufuli lake. Hajui kusoma vizuri, mama. Lakini alikuwa amesikia.

"Kumbe watani mko wawili?" akaniuliza. "Na huyu ni wa wapi?"

Nkwabi akaigeuzageuza redio mikononi.

"Haya, si kitu." Akamwekea Specioza mkono begani. "Mwandikie, mwanangu. Muulize na yeye anataka nini, nimpe."

Specioza akakaa kwenye kiti, akaanza kuandika.